Uzoefu wangu: kuikarabati Mercedes 500 E ya 1992

Hatimaye 500 E yangu ya mwaka 1992 imepita ukaguzi na kupewa namba za H, zile zinazotolewa hapa Ujerumani kwa gari lililotimiza miaka 30 na kutunzwa katika hali yake ya asili. Tangu nianze kulikarabati, Waswahili wenzangu wa Stuttgart hawaachi kuniuliza kama linafaa kununuliwa. Linafaa. Ila pesa ianzie kwenye nyaya na haidroliki, rangi isubiri.

Kwa asiyelijua, ukiliona kwa mbali utasema ni W124 ya kawaida, yaani Mercedes ya familia ya milango minne ya enzi hizo, ndugu wa zile teksi zilizojaa Ujerumani miaka hiyo. Sogea karibu uone fenda zilivyotanuka na bodi ilivyokaa chini. Mercedes walitaka bodi hiyo ibebe injini ya 500 SL, gari lao la michezo: V8 (silinda nane) ya lita 5 yenye vali 32. Wakawapa Porsche kazi ya kulisanifu gari hilo. Kwa fenda hizo gari likawa pana mno kupita kwenye laini ya kiwanda chao cha Sindelfingen. Basi bodi ikawa inaungwa kwa Porsche, Zuffenhausen, inarudi Sindelfingen kupakwa rangi, inakwenda tena Zuffenhausen kufungwa injini na vyote vya ndani, halafu Sindelfingen tena kwa ukaguzi wa mwisho. Gari moja lilichukua siku 18. Toka 1990 hadi 1995 yalitoka 10,479 tu, yote ya usukani wa kushoto. Mimi naishi kati ya viwanda hivyo viwili, na kila nikipita njia ile nazidi kuwaheshimu waliofanya kazi hiyo.

Sasa nyaya. Gari lilikuwa linakosa moto siku za unyevu, likisimama kwenye taa linatetemeka, na ukikanyaga mafuta linajivuta. Gereji ya kwanza ilibadilisha plagi, ikabadilisha vifuniko vya distribyuta zote mbili, zinazogawa moto kwenye plagi (V8 hii ina moja kwa kila safu ya silinda), ikanitoza vizuri tu, na gari likabaki vilevile. Fundi wa pili, mzee aliyezeeka na injini hizi, Mercedes wanaziita M119, hakushika hata spana. Alifungua boneti, akachagua waya mmoja unaokwenda kwenye nozeli ya mafuta, akaukunja kidogo kwa vidole. Ganda lake likapukutika kama mkate mkavu, shaba ikabaki uchi mkononi mwake. Akaniambia nitoe ufunguo na nisiliwashe tena mpaka nyaya zote zitoke.

Mercedes nyingi za mwanzo wa miaka ya 1990 zina ugonjwa huu: ganda la nyaya halistahimili joto la injini. Likishapasuka, nyaya hugusana, na shoti moja inaweza kuondoka na kontroli boksi, kompyuta ya injini. Hata kile kifaa cha umeme kinachofungua hewa iingie kwenye injini kina nyaya za aina hiyohiyo ndani yake. Nilinunua wayaringi mpya ya injini nzima, na kifaa hicho nikampelekea mtaalamu akakisuka upya. Hakuna kilichokula pesa zaidi ya hapo, na hakuna kilicholibadilisha gari zaidi ya hapo. Kwa hiyo muuzaji akikwambia nyaya zilishabadilishwa, mwombe risiti. Kama hana, hesabu kwamba hazijabadilishwa na ushushe bei.

Vifuniko vya vali vilipofunguliwa, tuliweka pia viungio vipya vya plastiki kwenye mirija inayopeleka oili kwenye kemshafti, zile shafti zinazofungua vali. Ni vidogo na bei yake si kitu. Vikikatika kwa uzee, tapeti (visukuma vali) zinaanza kugonga na kemshafti inalika. Nashangaa watu wanaofunga injini hii bila kuvigusa.

Nyuma kuna mfumo wa haidroliki unaoshikilia gari lisiiname likibeba mzigo, na vitufe vya chuma, mviringo kama mipira midogo, vyenye gesi ya kulainisha mshindo. Kupima ni rahisi: bonyeza buti. Isipozama hata kidogo, gesi imekwisha. Kuvibadilisha ni kazi ya mchana mmoja, na sikuamini kwamba ni gari lilelile.

Kutu ichunguze sehemu za kuwekea jeki, nyuma ya ile plastiki ya ubavuni. Mwombe muuzaji muitoe. Akikataa, ondoka. Spea za injini na breki nimezipata bila shida, nyingi kwa Mercedes wenyewe. Fenda za mbele na bampa ni habari nyingine, maana za W124 ya kawaida haziingii, na zenyewe ni ghali kwelikweli. Na kama eyakoni haipoozi, ulizia kwanza, kwa sababu radieta yake ya ndani ikivuja ni lazima dashibodi yote ing'olewe.

Barabarani? Nguvu za farasi 326, na kutoka 0 hadi kilomita 100 kwa saa ni kama sekunde 6, lakini namba hazikuelezi linavyofanya kazi. Kwenye barabara kuu ya A81 kuelekea Singen, pale pasipo na kikomo, linapanda kasi kimyakimya, watu wanne wamekaa raha, mazungumzo hayakatiki. Mafuta linakunywa, lita 14 hivi kwa kilomita 100 nikiwa mpole. Ushuru wa barabara kwa namba za H ni euro 191.73 kwa mwaka, na hiyo ni nafuu kubwa kwa injini ya lita 5.

Anayewaza kulipeleka Kenya asahau: umri wa gari ni kikwazo, usukani nao ni kikwazo. Na kwa mwenye bajeti ndogo hapahapa Ulaya, tafuta 400 E. Ina V8 ya lita 4.2 ya familia hiyohiyo ya M119, bodi yake ni ya W124 ya kawaida, fenda zake zinapatikana kirahisi. Nyaya zake kazikunje vilevile kabla hujatoa pesa.