Spika ya pawa inayozima ikishapata moto: uzoefu wangu na fundi wa bodi

Nianze na bei, maana wengi ndiyo mnayoitafuta. Duka la kwanza lilitaka shilingi 380,000. Fundi wa bodi (zile sakiti za ndani ya spika) niliyekwenda kwake baadaye alichukua 60,000, spea zikiwa humo humo. Spika inapiga mpaka leo.

Ni spika ya inchi 15 yenye amplifaya yake ndani, moja kati ya mbili nilizonunua zikiwa zimeshatumika. Nakodisha muziki kwa shughuli ndogo ndogo hapa Dar: kipaimara, sendofu, vikao vya harusi. Ugonjwa wake ulikuwa wa kuudhi. Ukiiwasha inapiga safi, lakini ikishapata moto inaanza kukwaruza, unafuata mngurumo mzito, kisha sauti inakatika huku taa ya mbele ikiendelea kuwaka kama kawaida. Izime, iache ipoe, inarudi nzima kabisa. MC yuko katikati ya kutambulisha wazazi wa bibi harusi na upande mmoja wa ukumbi haumsikii!

Kabla ya kumpa mtu yeyote hela nilifanya vipimo vya bure. Nilibadilisha waya wa sauti, nikahamia soketi nyingine, nikachomeka spika hii mahali pa pacha wake kwenye mikisa. Ugonjwa ukaifuata spika. Halafu nikaichomoa waya zote za sauti nikaiacha na umeme tu, ikanguruma vile vile ilipopata moto. Kipimo hicho cha mwisho kifanyeni kabla ya yote, kwa sababu mingurumo mingi haitoki kwenye spika bali kwenye mikisa na laptopu zilizochomekwa soketi tofauti. Ukichomoa waya wa sauti na mngurumo ukaisha, usiifungue spika.

Duka la kwanza sitalitaja. Kijana wa kaunta aliisikiliza kidogo akasema bodi imekufa, tunaweka nyingine, na hakugusa skrubu hata moja. Bodi aliyotaka kuniwekea ni zile za jumla zinazoingia kwenye boksi lolote. Tatizo ni kwamba bodi ya spika hii inagawa sauti kabla ya kuikuza: besi inakwenda kwenye amplifaya ya wufa, sauti nyembamba kwenye ile ya twita, na ipo sehemu inayobana sauti ikizidi. Ukiweka bodi isiyo na mgawanyo huo, besi inaingia mpaka kwenye twita, na hapo utanunua twita kila msimu wa harusi.

Fundi wa pili ana kibanda kidogo kati ya maduka ya spea Kariakoo. Aliniuliza swali ambalo kule dukani sikuulizwa: "Bosi, inazima ikiwa baridi au ikishachemka?" Nilipomjibu, alisema huenda ni lehemu au kapasita (kifaa kinachotunza umeme kwenye bodi), ila tupime kwanza.

Alifungua mgongo, akasubiri, kisha akamaliza umeme uliobaki kwenye kapasita kubwa kwa kutumia balbu. Hapa nasisitiza kwa wale wanaopenda kujaribu nyumbani: umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa moja kwa moja (DC) unafika kama volti 325, na kapasita zinaweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa plagi. Kama huna mita na hujui pa kuigusisha, mpelekee fundi.

Kisha akachomoa waya za wufa na twita na kuzipima zenyewe. Wufa ya omu 8 ilisoma 5.9, ambayo ni sawa, kwa kuwa mita husoma chini kidogo ya namba iliyoandikwa. Akaisukuma karatasi yake taratibu kwa vidole kusikiliza kama koili inakwaruza. Haikukwaruza. Akawasha bodi kupitia balbu ya kizamani ya wati 100 aliyoiweka kwenye njia ya umeme. Balbu ikamweka mara moja ikafifia. Ingebaki inawaka kwa nguvu, maana yake kuna shoti na kazi ingekuwa kubwa.

Ugonjwa ulikuwa kwenye ule umeme mdogo unaolisha sehemu ya vitufe na maikrofoni. Upande wa chanya ulisoma volti 15, upande wa hasi ulianzia 15 ukawa unashuka kadiri alivyopuliza joto kwa mashine ya kukaushia nywele. Akagonga rejuleta ya 7915, kifaa kinachoshikilia hizo volti 15 za upande wa hasi, kwa kijiti, na mita ikarukaruka. Chini ya kioo cha kukuzia niliona mwenyewe ufa mwembamba umeuzunguka mguu mmoja. Kapasita ya jirani yake, ya mikrofaradi 1000, ilipima 210 tu.

Alinieleza kwamba bodi hizi zinakaa boksi moja na wufa inayozitikisa usiku kucha, tena na joto, kwa hiyo lehemu za vitu vizito hupasuka zenyewe. Alilehemu upya kila mguu uliokuwa na mashaka, akaweka kapasita zinazovumilia joto la nyuzi 105 badala ya zile za 85 zilizokuwepo, na akakwangua gundi iliyogeuka kahawia, kwa sababu ikizeeka inaweza kuanza kupitisha umeme na kula miguu ya vifaa. Kabla ya kurudisha waya za wufa alipima kwanza kama bodi haitoi umeme wa moja kwa moja. Baada ya hapo tuliipigia singeli mchana kutwa.

Kasoro zake zipo. Alichelewa kuliko alivyoahidi, hana risiti, na dhamana ya miezi mitatu ni ya mdomo. Sponji ya kuziba mgongo aliirudisha vibaya, besi ikawa inapuliza hewa pembeni. Nilinunua nyingine nikaibandika mwenyewe. Kwa ujumla nampa nyota nne.

Kidokezo kingine alichonipa kuhusu hizo wati za kwenye boksi. Yangu imeandikwa 2000. Fyuzi yake ni ya ampea 3.15, zidisha kwa 230, unapata kama wati 725. Ukumbi wa watu wengi usiubebeshe spika moja kwa kuamini maandishi.

Kama yako imeungua mpaka transista kubwa zimepasuka na bodi imekuwa nyeusi, kubadilisha bodi kunaweza kuwa na maana, ila tafuta ya modeli ile ile. Pacha wake bado haijaanza ugonjwa, lakini nimechungulia ndani: gundi ni ile ile, kahawia. Nitampelekea kabla msimu wa harusi haujachanganya.