Bushi za poliuretheni kwenye mikono ya mbele: uzoefu wangu

Gari lilikuwa linagonga mbele kila likiingia shimoni, na nikikanyaga breki linavuta upande. Shokomzoba zilikuwa nzima, boljointi pia. Nilipopenyeza mtaimbo kati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha gurudumu na fremu) na fremu nikausukuma, mkono ukacheza, na mpira wa bushi ya nyuma, yaani kile kipande kinachoshika mkono kwenye fremu, ukaonekana umechanika karibu nusu mduara. Nikanunua seti ya bushi za poliuretheni, plastiki ngumu kuliko mpira, nikaifunga mwenyewe nyumbani.

Kuingiza bushi mpya si kazi. Unapaka grisi, unabana nusu moja kila upande kwa jiliwa, unasukuma bomba la chuma katikati, basi. Jasho liko kwenye kutoa za zamani. Bila presi, nilitoboa mpira kwa drili kuzunguka pembeni hadi kiini kikachomoka, kisha nikapitisha wembe wa msumeno wa chuma ndani ya tundu na kukata ganda la chuma la bushi ya zamani taratibu. Ganda lenyewe ni jembamba. Ukiharakisha, msumeno unaanza kula mkono. Lakini soma maelekezo kabla hujakata chochote, maana baadhi ya seti zinataka ganda la zamani libaki. Wapo wanaochoma mpira kwa moto. Moshi ule mweusi mimi siutaki kifuani.

Grisi iliyokuja na seti ni ya silikoni, nzito, inanata vidoleni kama asali. Usiibanie. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye chuma na hujisokota mkono ukipanda na kushuka. Hii ya poliuretheni inazunguka juu ya bomba lake, na ikikauka italia kila tuta. Kwa kuwa mpira hujisokota, bolti za bushi za mpira hukazwa gari likiwa limekaa kwenye matairi, la sivyo mpira unabaki umesokotwa na kuchanika mapema. Hizi hazina sharti hilo, ingawa nilizikaza hivyo hivyo, kwa mazoea.

Kugonga kumeisha, breki imenyooka, na usukani unajibu papo hapo. Ila changarawe sasa naisikia mikononi. Nyuma nitaacha mpira, hasa kwa mikono inayojipinda pande mbili, kwa sababu poliuretheni haikubali kupindwa ovyo. Baada ya kufunga nenda kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu. Yangu ilikuwa imehama, na tairi moja ilishaanza kuliwa upande wa ndani.

Nyota nne kati ya tano.