Vazelini: jina lina maji, kopo halina hata tone

Jambo yenu, bandugu na badada. Karibuni tena mezani kwangu, hapa Lubumbashi, komini ya Katuba. Tuko mwezi wa saba, na anayeishi huku hahitaji kalenda kuujua: asubuhi unatoka na koti, mchana vumbi jekundu linatua kwenye nyusi, na ukicheka ghafla mdomo wa chini unapasuka. Basi leo nimeleta kopo ambalo sijaingia nyumba ya mji huu nikalikosa. Vazelini. Hili ni la mililita 250, kifuniko cha buluu, nimelinunua soko la Kenya, komini ya hapahapa Lubumbashi, Alhamisi iliyopita.

Nilipanga uchambuzi wangu wa kila siku: harufu, uzito, linakaa saa ngapi kwenye ngozi. Lakini mtoto wa dada yangu, mwenye miaka 12, aliliinua kopo, akasoma jina polepole, akaniuliza: "Mama mdogo, hii ni vase ya maua ao vase ya matope?" Shuleni wanasoma kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa neno hilo lina sura mbili. Le vase ni chombo cha kuwekea maua. La vase ni tope la chini ya maji. Siku ile sikumjibu. Nimekaa na swali lake wiki nzima, na ninaona linastahili video kamili, kwa sababu nilipofuatilia jina nikagundua kwamba mafuta haya nimeyatumia vibaya karibu maisha yangu yote.

Twende kwanza yalikotoka. Mwaka 1859, mahali panapoitwa Titusville, jimbo la Pennsylvania huko Marekani, Edwin Drake alichimba kisima akapata mafuta ya ardhini. Habari hiyo ilimfikia Robert Chesebrough, kijana wa miaka 22, mzaliwa wa London aliyekuwa mkemia New York. Riziki yake ilikuwa mafuta ya taa yanayotokana na nyangumi. Mafuta yakianza kutoka ardhini kwa mapipa, nani atamfuata tena nyangumi baharini? Akafunga safari kwenda Titusville kujionea. Kule akakuta wafanyakazi wanalalamikia nta moja nyeusi inayoganda kwenye fimbo za pampu. Ikizidi, pampu inakwama, inabidi isimamishwe na kukwanguliwa. Lakini akaona pia kwamba mfanyakazi akijikata au kuungua, anachota nta ileile anapaka kwenye jeraha.

Kwa wenzake ilikuwa takataka. Yeye aliibeba akaenda nayo maabara, na ikamchukua miaka kuisafisha. Aliichuja kwenye mkaa uliotengenezwa kwa mifupa mpaka weusi ukaisha. Mwaka 1870 alikuwa na kiwanda Brooklyn, na tarehe 4 Juni 1872 akapewa hataza ya Marekani, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, namba 127,568. Humo anasema amevumbua kitu kipya kutoka mafuta ya ardhini, na kwamba amekiita Vaseline. Anataja kazi zake: kulainisha ngozi za wanyama zinazotengenezwa viatu na matandiko, kulainisha mashine, kutunza mikono iliyopasuka. Mikono iliyopasuka! Baridi ya New York na baridi ya Katuba zilikutana kwenye karatasi moja.

Lakini kwa nini Vaseline? Hapo watu wamegawanyika.

Kuna wanaosimulia kwamba alipokuwa akihangaika na nta yake, vyombo vya maabara vilimwishia, akachukua vyombo vya maua vya mke wake akavijaza jeli. Kiingereza nacho huita chombo hicho vase. Akaongeza mwisho wa line, kama dawa nyingine za zamani zile, jina likakamilika. Ni hadithi tamu, unamwona kabisa yule mama akirudi nyumbani na kukuta maua yake yamelala mezani.

Wengine, na kamusi kubwa nyingi ziko upande huu, wanasema jina limeshonwa kwa lugha mbili. Wasser ni maji kwa Kijerumani, na Mjerumani akiandika W anatamka V, kwa hiyo unasikia vasa. Elaion ni mafuta kwa Kigiriki, hasa ya zeituni. Maji na mafuta.

Nilipolisoma hilo nilikataa. Maji gani? Basi nikasema, kama jina linawataja hawa wawili, waje wote mezani. Tazameni.

Hii ni glasi ya maji ya bomba. Ninachota jeli kwa ncha ya kidole, kiasi cha punje ya hindi, ninaitumbukiza. Inazama kidogo, inapanda, inaelea. Ninakoroga na kijiko. Ninakoroga tena. Sogea na kamera hapa uone: imejibana kando ya glasi, duara lilelile, na maji ni meupe kama nilivyoyamimina. Hazikuzoeana hata kidogo. Sasa hii ni sahani ya bati yenye mafuta ya kukaangia, nimeyapasha moto mdogo kwenye mbabula, jiko letu la makaa, si ya kuchemka. Punje nyingine. Inalegea pembeni, inakuwa kama kioo, inaenea, imekwisha. Mafuta yamemtambua ndugu yake.

Sasa geuza kopo, soma nyuma. Kwenye hili langu kiambato ni kimoja tu: petrolatum, ndilo jina la kitaalamu la jeli hii. Hakuna maji. Hata tone.

Mtu anaweza kusema basi hadithi ya vyombo vya maua imeshinda. Mimi nasema hapana, na nina sababu zangu.

Chesebrough aliamini kwamba mafuta ya ardhini huzaliwa na maji yanapochanganuka chini kabisa ya ardhi. Sayansi ya leo haikubali hivyo, lakini jina alilitoa yeye, kwa imani yake yeye. Sasa tazama lile neno la kizungu la mafuta ya ardhini lenyewe, petroleum. Ni Kilatini: petra ni mwamba, oleum ni mafuta. Mafuta ya mwamba. Waliolitunga waliyaita kwa mahali yanapotoka. Mtu anayeamini kwamba mwamba ni njia tu na mzazi halisi ni maji, atayaitaje? Atayaita maji-mafuta. Jina halisemi kilichomo ndani ya kopo, linasema alichodhani kuwa chanzo chake. Nilipolielewa hilo, niliweka kopo chini nikatulia kidogo.

Halafu kuna herufi. Chukua vas ya Wasser, chukua el ya elaion, weka ine mwishoni. Vas-el-ine. Kila herufi ina mwenyewe. Na huo mkia ine tunaujua hata sisi wa Kiswahili, umekuja kwetu umevaa nguo yetu: kinini, kafeini, glisirini. Wakemia wa zama zile waliupachika kila mahali. Hadithi ya vyombo vya maua inahitaji mkia wa line, wenye L yake, ambao si wa desturi kwa wakemia. L ya Vaseline ninaiona vizuri zaidi ikitoka kwenye elaion.

Simdharau anayependa ya maua. Mkemia kukosa vyombo na kuingia jikoni kwa mke wake ni jambo linalotokea. Inawezekana hata vyombo vile aliviazima kweli, na jina bado likawa la maji na mafuta. Lakini mkiniuliza mimi, nimesimama kwa Mjerumani na Mgiriki.

Sasa nirudi kwenye ngozi, maana hapa ndipo jina lilipotupoteza. Sisi hapa tunasema "pakala vazelini, upate majimaji". Tunapaka kwenye ngozi iliyokauka kama gome, saa tano ya mchana, vumbi limeshaingia, kisha tunashangaa saa moja baadaye ngozi inang'aa juu lakini inavuta ndani. Mmeona kwenye glasi. Jeli hii haina maji ya kukupa. Kazi yake ni kifuniko: inakaa juu ya ngozi na kuzuia maji yaliyomo yasipotee hewani. Ukifunika sufuria tupu, bukari, yaani ugali, haitajipika humo.

Nilijaribu kwa mama yangu. Visigino vyake vilikuwa na mipasuko ambayo unga unaingia, na kisigino cha kushoto kilikuwa kinatoa damu akitembea kwenda kanisani. Alikuwa anapaka kila asubuhi, kavu kwa kavu. Safari hii kila usiku aliloweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10, akaikausha kwa kuigusagusa na taulo bila kuisugua, ngozi ikabaki na unyevu, akapaka palepale, kiasi kidogo tu, kisha soksi za pamba. Usiku wa tatu alisema haviumi. Usiku wa nane nilivipiga picha, ndivyo mnavyoviona hapa: mistari bado ipo, lakini imefunga, na kingo zake zimekuwa laini kiasi kwamba soksi haikwami tena. Kopo lilelile, mama yuleyule. Kilichobadilika ni maji kutangulia.

Mdomo ni hivyohivyo: kunywa maji, lowesha mdomo, paka. Mtoto akitoka kuoga, paka kabla ngozi haijakauka.

Kuna mambo nitayasema bila kucheka, kwa sababu nimeona watu wakiumia. Ukiungua sasa hivi na chai au mbabula, usikimbilie kopo. Kifuniko kinachozuia maji kutoka kinazuia na joto kutoka. Maji ya baridi ya bomba kwanza, kwa muda mrefu, na kama ni pakubwa nenda kituo cha afya. Najua Chesebrough mwenyewe alizunguka akijichoma kwa moto au asidi mbele ya watu, kisha anapaka jeli ili wanunue. Alikuwa anauza. Ilisemekana pia alikuwa anakula kijiko kimoja kila siku, na aliishi miaka 96, akafariki mwaka 1933. Msiile. Pia msiwajaze watoto puani kila usiku, maana mafuta yanaweza kuteremka hadi kwenye mapafu na kuleta ugonjwa. Na wanaotumia kondomu za mpira wa lateksi, jeli hii inaudhoofisha mpira, unapasuka.

Kuhusu kununua. Mwaka juzi nilinunua kopo dogo kando ya barabara, jina lake sitalitaja, nikampaka mtoto mchanga wa jirani shingoni kwa ridhaa ya mama yake. Kesho yake shingo ilikuwa na vipele. Nilipolinusa vizuri lilikuwa na harufu ya taa ya mafuta. Ningenusa kabla, na jambo hilo bado linaniuma. Kwa hiyo fanya hivi: fungua, nusa. Jeli iliyosafishwa vizuri karibu haina harufu. Rangi isikutishe, manjano hafifu ni ya kawaida, na kama kopo ni la mtoto au lina manukato litaandikwa nyuma. Sugua kidogo kati ya vidole viwili: iwe laini yote, bila chembe. Na ukiomba "vazelini" dukani ujue utapewa kopo la kampuni yoyote, maana kwetu jina limekuwa la jeli zote. Hilo si baya. Kama nyuma pameandikwa petrolatum peke yake na haina harufu, kazi itafanya ileile. Hili la kifuniko cha buluu mimi ninalipa alama nzuri: laini, halina harufu, na kwa matumizi ya mama yangu litafika mvua za kwanza.

Sasa jibu la mwanangu, yule mtoto wa dada yangu, ambalo siku ile sikumpa. Si ya maua, kwa maoni yangu. Na ya matope haiwezi kuwa, kwa sababu Chesebrough alizaliwa London na maisha yake yalikuwa Marekani, hakutafuta neno lake kwenye Kifaransa chenu. Lakini sikiliza. Wanasayansi wa leo wanasema mafuta ya ardhini yalitokana na viumbe vidogo sana na mwani vilivyokufa baharini, vikazama, vikalala kwenye tope la chini ya maji. Tabaka zikavifunika, joto na uzito vikavikandamiza kwa mamilioni ya miaka. Tope la chini ya maji. La vase, kama ulivyosema. Kwenye jina halimo, lakini jeli hii iliyo kidoleni mwangu ilianzia humo.

Mama ananiita, maji ya beseni yameshapata moto. Mubakie salama.