TAHADHARI: Unga wa "kuongeza nguvu ya vimeng'enya" wanaouziwa madobi Dar

Wenzangu mnaofua nguo za watu, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna kijana anapita kwenye maduka ya dobi na kwenye makundi ya WhatsApp na ndoo za kilo 5 za unga mweupe. Anasema ni vimeng'enya (enzymes, vitu vinavyovunjavunja uchafu) vilivyokolezwa, ukichanganya na sabuni ya bei rahisi inafua kama ile ya ghali. Alichovya mbele yangu kitambaa chenye doa, doa likaondoka papo hapo, nami nikatoa shilingi 185,000. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Kimeng'enya hula doa taratibu, nguo ikiwa imelowekwa. Doa linaloyeyuka ukihesabu tatu limekutana na kitu kingine.

Maelekezo yake: maji yaliyochemka, kikombe cha unga, na jiki kidogo "kuamsha vimeng'enya". Nikafulia shuka 24 za gesti moja. Zenye damu zilitoka na madoa ya kahawia yasiyotoka mpaka leo, kwa sababu damu ni protini, na ukiimwagia maji ya moto inaiva kama yai na kushika uzi. Nimelipa shuka 9 kutoka mfukoni mwangu, na mteja nimempoteza.

Vimeng'enya navyo ni protini. Vingi vinavyotiwa kwenye sabuni hufanya kazi vizuri katika maji ya nyuzi 30 hadi 60 hivi, na klorini ya jiki inaviharibu. Kuviboresha ni kazi ya maabara. Miaka ya 1980 watafiti walibadilisha kipande kimoja tu cha mnyororo wake, asidi amino ya 222, kwenye kimeng'enya kinachokula protini, ili kistahimili viweupishi vya peroksaidi. Tena kila kimoja kina doa lake: protizi kwa damu, yai na jasho, amilezi kwa uji na wanga, lipezi kwa mafuta. Anayekwambia vyake vinataka maji ya kuchemka na jiki, ama havijui ama hana hata kimoja.

Nilihakikisha mwenyewe. Nilitengeneza jeli ya gelatini, ambayo ni protini, nikaigawa vikombe viwili. Kimoja nikatia sabuni ya dukani iliyoandikwa ina vimeng'enya, kingine unga wake, vyote na maji ya uvuguvugu. Asubuhi cha sabuni kilikuwa maji matupu. Cha unga wake jeli ilikaa nzima vilevile. Kwa utelezi wake mkononi, nadhani ni soda ya kufulia tu.

Na hata akija mwingine na vimeng'enya vya kweli katika unga laini, msiupokee. Mwaka 1969 madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu wafanyakazi wa viwanda vya sabuni waliopata pumu kwa kuvuta vumbi la vimeng'enya, na viwanda vikaanza kuvifunika ndani ya chembe zisizotoa vumbi. Sisi tunapima kwa kikombe, watoto wakiwa pembeni.

Simu yangu hapokei tena, na nimesikia ameshabadili namba. Ndoo ni ya bluu, lebo nyeupe iliyochapwa kwa kompyuta, haina jina la kiwanda, haina tarehe, haina alama ya TBS. Mkiiona, msifungue pochi.