Canter na Elf za mizigo: manyuali au otomatiki?

Tangazo la lori dogo lililotumika kutoka Japani huandika gia kwa herufi chache. F5 ni manyuali ya gia tano, kirungu kikiwa sakafuni. AT ni otomatiki, na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa sababu AT ya kwenye lori inaweza kuwa mashine tatu tofauti kabisa. Swali la kwanza basi ni otomatiki ipi.

Ya kwanza ni ya konvata, kama ile ya gari dogo. Hakuna klachi ya kanyagio. Injini inazungusha mafuta ndani ya konvata, na mafuta yanazungusha giaboksi. Utaikuta kwenye Toyota Dyna na Hino Dutro. Kwa foleni ya Kariakoo au Mbagala haina mpinzani, maana kusogea hatua moja na kusimama hakuisumbui. Adui wake ni joto na oili chakavu. Chomoa kijiti cha oili: ikiwa nyeusi na inanuka kama kitu kilichoungua, liache gari hilo hata kama linatembea vizuri.

Ya pili ni Smoother ya Isuzu Elf. Kwa ndani ni giaboksi ya manyuali, ila kompyuta na mitambo ya hydroliki ndiyo inayobana klachi na kutia gia. Smoother-Ex ina kapilingi ya mafuta mbele ya klachi, kwa hiyo gari linapojivuta taratibu kinachoteleza ni mafuta, klachi haisagiki. Ni wazo zuri sana. Lakini baadhi hazina P, ile nafasi ya kuegesha. Gari la namna hiyo likizimwa linashikiliwa na hendibreki peke yake, basi utingo awe na kabari ya tairi kila mnaposhusha mzigo kwenye mteremko. Smoother pia haitaki umeme dhaifu: betri au altaneta ikichoka, gia zinakataa kuingia na watu wanaanza kufungua giaboksi isiyo na kosa. Pima betri zote mbili kwanza, pamoja na nyaya za ethi.

Ya tatu ni Duonic ya Fuso Canter, iliyoingia sokoni 2010. Ina gia sita na klachi mbili zinazofanya kazi ndani ya oili. Moja inashika gia witiri, nyingine gia shufwa, hivyo gia inayofuata huwa tayari kabla ya ile ya sasa kuachia. Barabarani ni tamu kuliko zote. Gereji ni habari nyingine. Klachi zikibadilishwa, kompyuta ya gia lazima ifundishwe upya mahali klachi zinaposhika, na kazi hiyo inataka kifaa cha kupimia cha Fuso. Fundi asiye nacho atakurudishia Canter inayoruka kama chura kila ikiondoka. Oili yake nayo ni maalumu. Anayemimina oili nzito ya giaboksi ya manyuali humo anaiua.

Elf mpya za kuanzia 2023 zina klachi mbili na gia tisa, ila soko letu la mitumba bado halijafika huko.

Manyuali sasa. Watu huisifu kwa kula dizeli kidogo, na sifa hiyo imepitwa na wakati: dereva anayechelewa kupandisha gia hutumia mafuta mengi kuliko Smoother au Duonic nzima. Sifa yake ya kweli ni kwamba inatengenezeka popote. Klachi ikiisha, giaboksi inashushwa, na fundi mzoefu anamaliza kwa siku moja. Nunua seti: klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na ile beringi ndogo ya katikati ya flaiwili, gurudumu la injini linaloshikwa na klachi. Kubadilisha pleti peke yake ni kulipa ufundi mara mbili. Giaboksi ikiwa chini, kagua oili sili ya nyuma ya injini na ya mbele ya giaboksi, kwani tone la oili juu ya pleti mpya linatosha kuifanya iteleze. Flaiwili yenye nyufa za joto au madoa ya bluu ipelekwe kusawazishwa.

Kinachoua klachi mjini kwa kawaida ni mguu, mara chache ni mzigo. Dereva anapumzisha mguu kwenye kanyagio, au anashikilia gari kwenye mwinuko kwa nusu klachi badala ya hendibreki, au anaondoka na gia ya pili akiwa na tani tatu za saruji. Kupima ni rahisi: gari limesimama, hendibreki juu, tia gia ya tatu, ongeza resi kidogo, achia klachi taratibu. Injini izime. Ikiendelea kunguruma, klachi imekwisha. Kanyagio likiwa laini na gia zinakwaruza, usikimbilie pleti. Angalia kwanza masta silinda na silinda ya chini, zile zinazosukuma mafuta ya klachi, kisha toa hewa kwenye mafuta hayo.

Otomatiki ijaribiwe ikiwa baridi, halafu tena baada ya nusu saa ya kutembea. Toka N (nyutro) uingie R (rivasi): ikichelewa sekunde mbili au tatu kabla ya kushika, shinikizo la oili limeshuka. Taa ya gia ikiwaka kisha ikajifuta, bado kosa limehifadhiwa kwenye kompyuta, lisomwe kabla ya kulipa. Lori likiharibika, usilivute matairi ya nyuma yakiwa chini bila kufungua propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, kwani pampu ya oili huzungushwa na injini. Kusukuma ili liwake nako sahau.

Kwa safari za kuteremka mlima Kitonga, otomatiki isiachwe kwenye D, nafasi ya kwenda mbele. Vuta kirungu upande wa kubadilisha gia kwa mkono, ingiza gia ya tatu au ya chini zaidi kabla mteremko haujaanza, washa egzosti breki, ile inayobana moshi wa injini. Mwenye manyuali afanye vivyo hivyo.

Uamuzi wetu: lori moja la mwenye mali, linalotoka Dar es Salaam kwenda vijijini, liwe F5. Kampuni yenye magari mengi ya mjini, vituo ishirini kwa siku na madereva wanaobadilika kila mara, ichukue ya konvata, kisha Smoother-Ex. Duonic tunaipa nafasi kwa sharti moja, kwamba aliye na kifaa chake cha kupimia yuko mji huohuo na anapokea simu. Na anayekwambia nunua tu, tutaifungia giaboksi ya manyuali baadaye, mwombe orodha: kanyagio na masta silinda, flaiwili, propela ya urefu mwingine, sensa ya mwendo, na kompyuta ya injini ambayo bado itakuwa inasubiri ujumbe kutoka kwenye gia ambazo hazipo.