Unga wa kunyonya madoa kwenye marumaru: mafuta yametoka, limau imenishinda

Kaunta yangu ya jikoni ni ya marumaru nyeupe, na kwa miezi minane ilikuwa na doa la mafuta la ukubwa wa kiganja, pale chupa ya mafuta ilipozoea kukaa. Nilisugua kwa sabuni ya vyombo hadi bega likauma. Bure. Mafuta yakishazama ndani ya jiwe, kusugua juu ni kujichosha tu.

Mwishowe nikanunua unga mweupe wa kunyonya madoa. Unauchanganya na maji hadi uwe mzito kama dawa ya meno, unaupaka unene wa nusu sentimita hivi, uvuke kidogo ukingo wa doa, kisha unafunika kwa nailoni na kubandika selotepu pande zote. Baada ya saa 24 unatoa nailoni na kuuacha ukauke wenyewe. Hapo kwenye kukauka ndipo kazi ilipo, kwa sababu unyevu unapopanda kutoka kwenye jiwe huyavuta mafuta kuja nayo. Mimi mara ya kwanza niliufuta ungali mbichi, nikakuta doa liko palepale, nikaanza kumsema vibaya muuzaji. Kosa lilikuwa langu.

Mara ya pili nilivumilia siku mbili, hadi ukapasukapasuka kama tope la kiangazi. Nilibandua kwa kisu cha plastiki (cha chuma kingekwaruza), na magamba yale upande wa chini yalikuwa na umanjano. Niliyaangalia kwa furaha ya ajabu! Doa lilikuwa limefifia karibu nusu. Nilipofika mara ya nne likawa halionekani, labda uiname usawa wa kaunta na kulitafuta kwa makusudi.

Sasa kasoro. Pakiti imeandikwa kwamba unaondoa madoa ya kila aina. Si kweli. Pembeni kuna duara lililofifia, alama ya glasi ya maji ya limau, na unga haukulifanya kitu. Asidi imeula uso wa jiwe, kwa hiyo hakuna cha kunyonywa. Pale panataka kung'arishwa upya. Na wale wanaoshauri siki kwa kila doa, tafadhali msiniletee kwenye marumaru.

Naupa nyota nne. Kaunta nimeshaipaka dawa ya kuziba vitundu, tone la maji linasimama juu kama shanga, na chupa ya mafuta siku hizi inakaa kwenye kisahani.