Kiti kilichozama, na swali la kilo zangu

Nianze na swali lenyewe, maana ndilo lililonifanya nikae niandike: "Kwani dada, una kilo ngapi?"

Nilikuwa nimempigia muuzaji simu kumwambia kiti alichoniuzia kinashuka chenyewe. Hakuuliza kimeanza lini, wala nani alikifunga. Kilo. Tena simu aliiweka sauti ya wazi, kwa sababu nilimsikia mtu wa pili akicheka pale dukani. Nina kilo 68, na nilishazitaja kabla sijatambua kwamba hazimhusu. Hilo la kuzitaja linaniuma mpaka leo kuliko hata pesa.

Haya, kiti. Mchana niko kazini, mitihani ya uhasibu naisomea usiku, baada ya isha hadi saa sita, wakati mwingine saa saba. Kwa muda mrefu nimesomea kiti cheupe cha plastiki, kile cha harusini, nimekunja mto nyuma ya kiuno, na asubuhi naamka kwa awamu: kwanza kiwiko, halafu goti, halafu ndiyo mtu. Nikaona tangazo la duka moja la Malindi, kiti cha ofisi cha mgongo wa wavu, shilingi 9,500. Vingine nilivyoulizia vilikaribia mara mbili ya hapo. Nikatuma pesa. Ilikuwa kabla ya Ramadhani, au Ramadhani ilishaingia, sikumbuki vizuri. Nilikuwa na haraka.

Na mjue kwetu Lamu mzigo haufiki mlangoni kwa gari. Basi linaishia Mokowe, kisha boti, kisha gatini mpatane na hamali wa mkokoteni au mwenye punda. Changu kilipanda punda. Boksi lilikuwa limepasuka pembeni, gurudumu moja limechungulia nje, na pale kwenye kichochoro chembamba ilibidi watu wajibanze ukutani kukipisha kama bwana harusi. Nauli zote hizo sikuziandika popote, kwa makusudi.

Siku tatu za kwanza, raha. Sisemi uongo. Nyayo zimetulia chini, viwiko viko sawa na meza, kiuno kina pa kuegemea pale penye shimo lake. Na wavu ule unapitisha upepo. Cha ngozi bandia kwa joto letu na chumvi yetu hubanduka magamba kama samaki, cha ofisini kwetu ni shahidi. Kasoro ilikuwa moja: magurudumu hayakupatana na sakafu. Nyumba yetu ni ya kale, sakafu ya chokaa imeinama kuelekea dirishani, kwa hivyo nikizama kwenye hesabu najikuta naiaga meza polepole. Nikazuia kwa kandambili. Hilo simlaumu muuzaji, alijenga babu.

Usiku wa nne nilidhani macho yangu yamechoka. Meza ilionekana imepanda. Kufika saa tano daftari liko karibu na kidevu. Nikainuka, nikavuta kishikio, kiti kikapanda, nikakaa. Dakika ishirini baadaye niko chini tena. Wiki iliyofuata zile dakika ishirini zikawa tano. Mama akawa kila akipita mlangoni ananiuliza, "Yeo kimefika wapi?", sauti ile ile ya mtu anayeuliza maji yamejaa au yametoka.

Fundi alinieleza baadaye, na ningependa yule bwana wa kilo asome hapa taratibu. Katikati ya kiti kuna bomba la chuma, ndani yake mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na mipira ya kuizuia isitoke. Mpira ukiwa mbovu gesi inavuja, na gesi ikivuja kiti kinazama. Hakijazwi upya. Linatolewa bomba zima, linawekwa jingine. Kiti kizima hakizami siku ya nne kwa kukaliwa na mtu wa kilo 68.

Baada ya kilo, akaniambia, "Kirudishe tukikague." Nauli ya nani? "Yako, dada." Mkikuta ni kibovu kweli? "Tutaangalia." Kisha simu ikakatika. Inawezekana ni mtandao, nisimsingizie. Lakini mtandao ule ule ulikuwa mzima nilipomwandikia kwamba Ibara ya 46 ya Katiba inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara. Alisoma. Akanijibu kwa picha ya risiti yangu, ameizungushia duara nyekundu sentensi ya chini kabisa: mali ikiuzwa hairudishwi. Huyu huyu aliyetoka kuniambia nikirudishe!

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haiwekeki.

Ningeishia hapo kama si kijana mmoja wa Langoni anayetengeneza mashine za boti. Mara ya kwanza alikibana kile chuma chembamba kinachong'aa, kinachochomoza kwenye bomba la gesi, kwa klipu ya mpira wa maji. Usiku mmoja tu, ikateleza. Mara ya pili alikuja na kipande cha bomba la sinki, inchi na nusu. Hakukata kwanza. Alinikalisha mezani na daftari langu, akasema, "Andika, dada, kama unavyoandika siku zote. Visigino visinyanyuke." Akaniambia nitie vidole vyangu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti, vikapita vitatu, akaridhika. Ndipo akapima kimo cha kile chuma, akakata bomba kwa msumeno, akalipasua ubavu mmoja na kulivisha kwa nguvu. Kiti kikikaliwa sasa kinasimama juu ya lile bomba, gesi iwepo isiwepo. Shilingi 200. Hakuniuliza kilo.

Hakipandi tena wala hakishuki. Na je, nilihitaji kiti cha kupanda na kushuka? Kiti cha enzi kilichomo kwenye makumbusho yetu hapa, cha mpingo na mgongo wa kamba za kusuka, hakina gesi, na walikalishwa wageni wa heshima. Nilihitaji kimo kimoja, changu. Mgongo hauniumi. Nimemaliza mada mbili nilizokuwa nazikimbia tangu mwaka jana. Basi kiti chenyewe nyota tatu. Labda nne, wavu ule ni mzuri jamani. Halafu nakumbuka kile kicheko dukani na ile duara nyekundu, narudi kwenye mbili.

Ukitaka cha bei hii, nenda mwenyewe ukakikalie pale pale dukani, nusu saa, bila kuinuka, hata wakikutazama. Weka alama ya chaki ukutani usawa wa kiti. Ukiona alama imekuwa juu ya kiti, toka. Na kama uko kisiwani, ulizia kwanza nauli ya kurudisha kabla ya bei ya kununua.

Tatizo nililo nalo sasa ni jingine. Alasiri nikitoka kazini nakikuta kiti kiko dirishani, mama amekikalia anashona kofia, na haelekei kuinuka. Ameshasema kile cha plastiki kinanitosha mimi kijana. Nimempiga picha, kile kipande cha bomba kinaonekana vizuri na hakijasogea hata ukucha, nimtumie yule bwana. Kilo za mama sizitaji, ila mimi kwake ni mwembamba.